Kamera Nayo Ibishe Hodi

Mbayuwayu twamfahamu sote. Nchi za Ulaya zinaposhikwa na baridi, naye akakosa wadudu wa kula, huruka mwendo wa maelfu ya kilometa, huvuka bahari na jangwa, hata afike kwetu Afrika. Hukaa nasi miezi kadhaa, kisha hurudi kwao kujenga kiota. Wako na wanadamu wenye desturi kama hiyo. Tangu zamani watu wa Ulaya ya kaskazini wenye nafasi huiacha theluji ya kwao, wakaenda kukaa majira ya baridi katika visiwa vya bahari ya Mediteraneo, ambako jua haliwi kali wala halitoweki hata mwezi wa Januari. Ndivyo alivyofanya Adelaide, mjane wa mfalme William IV wa Uingereza, aliyekaa kisiwani Malta majira ya baridi ya mwaka 1838 hadi 1839 kwa ajili ya afya yake.

Siku zile mgeni wa namna hiyo, akitaka kukumbuka aliyoyaona, alichukua kalamu na karatasi akachora. Lakini mwaka ule ule wa 1839 watu walitangaziwa mjini Paris jambo jipya: Mfaransa mmoja, jina lake Daguerre, amepata njia ya kuufanya mwanga wenyewe uchore picha juu ya bamba la madini. Tangu hapo msafiri na kamera wamekuwa kama mtu na kivuli chake.

Na msafiri huyo, akisha kutazama makanisa na ngome, huenda wapi? Huenda sokoni. Huko Malta huenda Marsaxlokk siku ya Jumapili, ambapo samaki hupangwa kando ya bandari. Katika kisiwa cha Sicilia huenda mjini Palermo, katika masoko ya Ballarò, Capo na Vucciria, ambako wauzaji husifu bidhaa zao kwa sauti kubwa, kama waimbao. Mtu wa Lulimba angefika huko asingejiona mgeni sana: angekuta samaki, mboga, mizani, kelele, na mama anayebishana juu ya bei. Ndiyo sababu wapiga picha hulipenda soko kuliko mahali pengine pote. Jengo la kale husimama kimya. Soko lina uhai, lina rangi, lina nyuso.

Hapo ndipo swali letu la leo linapozaliwa. Mama anayeuza nyanya amezipanga nyanya zake mezani ili zitazamwe na kununuliwa. Je, uso wake nao ameuweka mezani pamoja nazo?

SOKO LA DARAJANI

Baadhi ya wageni hao wa majira ya baridi hawatui Malta wala Sicilia. Huendelea mpaka kisiwa chetu cha Afrika ya Mashariki, Unguja. Hufika hasa kati ya Desemba na Februari, wakati wa kaskazi. Upepo huo uvumao kutoka kaskazini mashariki ndio uliokuwa ukiyaleta majahazi ya Oman na ya Ghuba katika siku za biashara ya tanga. Siku hizi, katika majira yale yale, wanaoletwa ni watu wa Ulaya, nao huja kwa ndege.

Wageni hao hukaa karibu na pwani au katika Mji Mkongwe, ambao mwaka 2000 uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kila kitabu cha wasafiri huwaelekeza kwenye soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904. Chini ya paa lake refu wapo wauza nyama na wauza samaki, na mnada wa samaki huvuta watu wengi. Nje zapangwa karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga, pamoja na maembe na mananasi kwa majira yake. Jioni hushuka bustani ya Forodhani, mbele ya bahari, ambako mishkaki na pweza huchomwa mbele ya mnunuzi na miwa hukamuliwa juisi.

Mgeni huinua kamera. Mara mwanamke mmoja avuta mtandio wake akajifunika uso. Muuza samaki ainua mkono wake kukataa. Mzee ageuka akampa mgongo. Mgeni hushangaa, kwa maana yeye, kwa mawazo yake, alikuwa akiwasifu: ameona uzuri, akataka kuuchukua. Basi, ni kosa gani?

Yampasa aitazame nyumba ya Mswahili ndipo aelewe. Mlango wa nyumba hiyo waweza kuwa wazi mchana kutwa, lakini mtu mwenye adabu hausukumi kwa sababu tu u wazi. Husimama nje akaita, ‘Hodi!’ Akisikia ‘Karibu!’ aingia, asiposikia neno, arudi zake bila kinyongo. Tena hiyo si adabu ya Unguja peke yake. Kwetu milimani Fizi, na kando ya ziwa huko Baraka, mtoto hufundishwa hodi kabla ya kufundishwa kusoma. Sasa, ikiwa mlango wa mbao wapewa heshima hiyo, je, uso wa mtu? Uso ni mlango wa nafsi. Anayeuingia kwa kamera bila kuita ni mgeni asiyebisha hodi, hata kama ana tabasamu na moyo mwema.

PICHA ZISIZO NA MAJINA

Tena yako mambo ya kale yanayowafanya watu wawe na shaka. Kamera ilifika pwani yetu mapema sana. Baharia Mfaransa, Charles Guillain, aliyepeleleza pwani ya Afrika ya Mashariki kuanzia mwaka 1846, alikuwa na chombo cha Daguerre, na watu wa Unguja walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa upande huu kupigwa picha. Picha za namna hiyo zilidai mtu akae kimya bila kutikisika. Kwa hiyo soko lenyewe, lenye pilikapilika, halikuweza kupatikana vizuri. Mtu alitolewa katika kazi yake, akasimamishwa kama mti.

Baadaye Wagoa walifungua nyumba za kupigia picha mjini Unguja. Maarufu ni ile ya A. C. Gomes. Walitengeneza kadi za posta, nazo abiria wa meli walizinunua na kuzipeleka kwao. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ikatoa Brownie, kamera ya boksi iliyouzwa kwa dola moja tu ya Marekani. Tangu hapo si fundi peke yake aliyeweza kupiga picha. Hata mtoto aliweza.

Ukizitazama kadi zile za zamani, utaona jambo moja la kusikitisha. Chini ya picha imeandikwa ‘mwanamke Mswahili’, au ‘mchukuzi’, au ‘muuza maji’. Mtu mwenyewe aliitwa nani? Alikuwa mama wa nani? Kadi haisemi. Hapa Kongo ilikuwa vivyo hivyo. Mpolandi mmoja, Casimir Zagourski, aliyefika Léopoldville mwaka 1924, alisafiri sana kupiga picha, akatoa mfululizo wa kadi ulioitwa ‘Afrika inayotoweka’. Picha zake ni za fundi kweli, nazo zatuhifadhia misuko ya nywele, mapambo na nyumba ambazo leo wajukuu wasingezijua. Hata hivyo, maandishi yake mara nyingi hutaja kabila au mahali, na mwenye uso hubaki bila jina. Uso umesafiri mpaka Ulaya. Jina limeachwa njiani.

NSALA WA WALA

Lakini tusiilaumu kamera kana kwamba ni kitu kibaya. Kisa kimoja cha nchi yetu chatosha kutufunza kinyume.

Katika siku za mfalme Leopold II, wakati Kongo ilipokuwa kama shamba lake mwenyewe, watu wa misitu ya kaskazini walilazimishwa kutafuta mpira, na walioshindwa kutimiza kiasi waliteswa na kuuawa. Huko Baringa alikaa mmisionari mwanamke wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, Alice Seeley Harris, naye alikuwa na kamera. Mwezi wa Mei mwaka 1904 alifika kwake mwanamume mmoja wa kijiji cha Wala, amebeba furushi la majani. Alipolifungua, ndani mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kumwua. Bibi Harris alimpiga picha yule baba ameketi barazani, akiitazama mabaki ya mtoto wake.

Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa katika mikutano ya Uingereza na Marekani, kwa taa ya kuangaza picha juu ya kitambaa cheupe. Watu waliokuwa wakikana habari za Kongo hawakuweza tena kuyakana yaliyokuwa mbele ya macho yao. Kelele zilizidi, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuitoa Kongo mikononi mwake, ikawa koloni la Ubelgiji. Si kamera peke yake iliyofanya hayo, wala mateso hayakwisha siku moja. Lakini kamera ilikuwa shahidi.

Sasa angalia, msomaji mpenzi. Baba yule twamjua kwa jina: Nsala. Binti yake naye twamjua: Boali. Zaidi ya miaka mia imepita, nasi twaweza kuwataja kama tunavyotaja marehemu wa nyumbani mwetu. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kamera alisikiliza kwanza, akauliza, akaandika. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kumshuhudia mtu na kumchukua. Kamera ni ile ile, bamba ni lile lile. Jina ndilo linaloonyesha kama mtu ameheshimiwa.

NA SOKO LA LULIMBA?

Labda wako watakaosema: ‘Haya ni mambo ya watalii, na watalii hawaji Lulimba.’ Ni kweli, mbayuwayu wa ndege kubwa hawatui kwetu. Lakini mpiga picha wa leo hatoki mbali. Ni kijana wetu mwenyewe, mwenye simu mfukoni. Asubuhi apita kati ya mafungu ya mihogo, karanga na mchele, kati ya ndagala zilizoletwa kutoka ziwani na chupa za mawese. Abonyeza mara moja, na kabla jua halijatua picha hiyo imeonekana Kalemie, na Kigoma, na hata Marekani. Safari ya kadi za Gomes ilidumu wiki nyingi. Hii yadumu muda wa kupepesa jicho.

Tena picha hizo zina wenye kuzingoja. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwatawanya watu wa Fizi. Wengi walivuka ziwa, wakaishi katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huo huo upande wa Kigoma. Kutoka hapo wengine walipelekwa Marekani na Kanada. Mtu wa namna hiyo akipokea picha ya soko la kwao, haitazami kama mtalii. Atafuta: yule aliyeinama si shangazi? Lile bati jekundu si duka la jirani? Kwake hiyo ni barua.

Na kuna jambo jingine. Majina ya Lulimba, Fizi na Baraka yamo katika vitabu vya dunia hasa kwa sababu ya bunduki. Che Guevara alikaa katika milima hii tangu Aprili hadi Novemba mwaka 1965 pamoja na wapiganaji wake kutoka Kuba, na picha za siku hizo zijulikanazo ni za watu wenye silaha. Waandishi waliokuja baadaye, nao walikuja wakati wa mapigano. Anayetusoma kutoka mbali aweza kudhani kwamba huku hakuna mtu apimaye karanga kwa kopo, wala mama acheka na mteja wake. Picha ya soko ni jibu. Yasema: hapa watu walilima, walivuna, walibeba mzigo kichwani, walielewana bei, walirudi jioni na chumvi na sabuni. Huo nao ni ukweli wa nchi hii, na ukweli huo wahitaji shahidi.

Lakini shahidi mzembe aweza kumponza anayemtetea. Katika nchi iliyojeruhiwa na vita, picha yaweza kumwonyesha mnyang'anyi nani amepata mali na anakaa wapi. Yaweza kumtia mtu mashakani kwa kuwa ameonekana akimwuzia fulani. Yaweza kumwaibisha mjane aliyekuwa katika mstari wa kupokea msaada, akaonwa na wakwe zake waliodhani anajitosheleza. Kwa hiyo askari, vizuizi vya barabarani na madaraja visipigwe picha ovyo; na mtu aliye katika dhiki asifanywe tamasha. Sheria nayo yaelekea huko: Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha, na sheria ya mambo ya dijitali ya mwaka 2023 yalinda habari zinazomtambulisha mtu.

ADABU YA KAMERA

Basi, kijana anayetaka kupiga picha sokoni afanyeje? Haya machache yatamfaa.

Kwanza, asalimu. Aseme: ‘Jambo, mama. Habari za biashara? Nimependa jinsi ulivyozipanga ndagala zako. Je, waniruhusu nikupige picha?’ Mama akijibu, ‘Ya nini, mwanangu?’ amweleze kwa kweli itapelekwa wapi na nani ataiona. Asimdanganye kwamba ni ya kuweka tu, hali ataitangaza. Mama akisema, ‘Hapana, leo sikuvaa vizuri,’ amwambie, ‘Asante, mama, nimesikia,’ aende zake. Pengine atakaribishwa wiki ijayo, naye mama atakuwa amevaa kitenge chake kizuri. Kwa mtoto, aombe ruhusa kwa mzazi wake.

Pili, asizuie biashara. Mteja ana haki ya kwanza. Anunue kidogo akiweza, kwani anayenunua huonyesha kwamba ameiona kazi pamoja na uso. Na mwuzaji akitaka fedha kwa ajili ya picha, asihukumiwe kuwa ana tamaa: muda wake ni mali, na picha yenyewe huenda ikauzwa. Wapatane mapema, kama watu wanavyopatana bei ya kuku.

Tatu, ajue kazi ya mwanga. Saa sita mchana jua huwaka nje na kivuli huwa kizito chini ya turubai. Kamera ikipima mwanga wa nje, uso wa mtu mweusi aliye kivulini hugeuka doa. Shida hii ina historia yake. Kwa miaka mingi Kodak walipima rangi za filamu zao kwa picha za wanawake weupe, na nyuso zetu zikatoka zimefifia au zimezama gizani. Yasimuliwa kwamba mabadiliko yalipokuja, waliosikilizwa mapema walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba kahawia yao haionekani vizuri! Hivyo mpiga picha wetu achague asubuhi au alasiri, amweke mtu ukingoni mwa kivuli, asimpige mbele ya anga jeupe, tena aguse uso wake katika kioo cha simu ili mwanga upimwe hapo. Mbele ya mama aliyeketi chini, yeye naye achuchumae. Kamera inayotazama kutoka juu humfanya mtu mzima aonekane mdogo.

Nne, amwonyeshe picha. Ikiwa haikumpendeza, aifute mbele yake. Ikiwa imempendeza, afanye bidii amletee nakala ya karatasi, kwa sababu wengi hawana picha hata moja ya kuwaachia watoto wao.

Tano, na hili ni kubwa, aandike. Picha isiyo na jina wala tarehe ni kama barua isiyo na sahihi. Kwa ruhusa ya mwenyewe aandike jina lake kama anavyolitaja, kijiji alikotoka, bidhaa aliyouza, kipimo alichotumia na bei ya siku ile. Ikiwa jina laweza kumletea hatari, alihifadhi nyumbani, asilitangaze. Mwalimu angeweza kuwapa wanafunzi wake kazi hii: kila mwezi picha moja ya soko, yenye maelezo yake, katika daftari moja la shule. Baada ya miaka 50 daftari hilo litakuwa na thamani kuliko kadi zote za Zagourski. Litaonyesha bei ya kopo la ndagala mwaka ule ambao barabara ya Baraka iliharibiwa na mvua, na jina la mama aliyeendelea kuuza.

Wageni wa majira ya baridi wataendelea kwenda Malta, Palermo na Unguja, nao wengi wao wanajifunza kuomba ruhusa. Sisi hatuna haja ya kungoja kufundishwa nao, maana hodi ni neno letu. Mwanafunzi atakayetaka kuanza kesho, aanze na mama yake mwenyewe katika meza yake ya sokoni: amsalimu, amwulize, angoje jibu.